Kangaga langu la Lushoto linakauka: nimekosea wapi?

Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, anauliza:

"Shikamoo mzee. Mwezi wa tatu nilikwenda Lushoto msibani. Wakati wa kurudi nikanunua kwa muuza miche wa barabarani kimmea kidogo chenye majani kama ya giligilani na vijiti vyeusi vyembamba kama unywele. Yule kijana alikiita feni. Nimekiweka sebuleni, juu ya meza ya runinga. Namwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya kisima chetu, na nikipata nafasi napulizia maji kwenye majani. Jioni tunawasha kiyoyozi, umeme ukiwa mdogo tunatumia pangaboi. Wiki ya pili ncha zikaanza kujikunja, na sasa zaidi ya nusu ya majani yamekauka kama karatasi. Chini ya yale mabichi kuna vidoa vya kahawia, jirani anasema ni wadudu, nipulizie dawa ya mende. Nipulizie? Nikikitoa nje kitapona? Na maua yake ni ya rangi gani, maana sijayaona? Nina paka pia, anapenda kukitafuna."

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba.

Nianze na dawa ya mende, kwa sababu ndiyo inayoweza kulimaliza kangaga lako, hiyo "feni" uliyouziwa, leo hii: irudishe kabatini. Majani ya mmea huu ni membamba mno, si kama ya mwembe, na dawa nyingi za kopo zina mafuta yatakayoyaunguza. Isitoshe, huna wadudu. Chukua jani moja bichi uligeuze kwenye mwanga. Utaona vidoa vimejipanga ukingoni tu, na ukingo wenyewe umejikunja juu ya kila kidoa kama pindo la kanga. Hakuna mdudu mwenye nidhamu hiyo. Vidugamba hukaa popote, hasa kwenye vijiti, ukikwaruza kwa ukucha anabanduka mzima, na huacha ute mtamu unaoita sisimizi. Hivyo vyako ni vifuko vya spora, ule unga ambao kangaga huzalia. Maana yake mmea ulikuwa umekomaa na ulikuwa unajiandaa kuzaa pale ulipoununua. Na hapo hapo swali la maua limejibika: hayapo. Kangaga halitoi ua wala mbegu, si mwaka huu wala mwaka wowote. Nitarudi huko mbele, maana namna linavyozaa ni hadithi nzuri kuliko ua.

Kwa vijiti vyeusi na majani ya giligilani, hilo ni Adiantum. Mimi kitaluni naliita kangaga-nywele, kwa ajili ya vile vikonyo vinavyong'aa kama nywele zilizopakwa mafuta ya nazi. Neno "feni" limetokana na Kiingereza, na huko barabarani limekuwa kapu la kila kitu. Utauziwa kangaga la kweli, na utauziwa pia asparaga ya mapambo, ile yenye majani kama manyoya na vijiba, ambayo si kangaga hata kidogo: inatoa maua madogo meupe na matunda mekundu, na matunda hayo humtapisha paka. Hilo lako halina sumu kwa paka. Atakuharibia majani, lakini hatadhurika. Halafu kuna feni ya tatu, inayozunguka darini kwako, na ndugu yake kiyoyozi. Hao ndio ninaowashuku.

Kangaga-nywele linalouzwa zaidi kwenye vyungu ni Adiantum raddianum. Si mwenyeji wa Usambara, ingawa limepazoea. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na jina la pili ni heshima kwa Giuseppe Raddi, Mwitalia wa Florence aliyesafiri Brazili mwaka 1817 kukusanya mimea. Lina jamaa wa karibu, Adiantum capillus-veneris, ambalo lipo sehemu nyingi sana za dunia. Ndugu zetu walioko Oman wakipanda milimani wataliona likining'inia kwenye miamba inayovuja maji na kwenye kuta za mifereji ya falaj. Nataka ulitazame vizuri huyo jamaa wa Oman. Nchi ni kavu, jua ni la kuchoma, lakini kangaga limestawi. Linawezaje? Kwa sababu haliishi jangwani. Linaishi ndani ya shubiri moja ya hewa iliyo kati ya mwamba na tone la maji lisilokatika, kivulini. Nje ya shubiri hiyo nchi iwe vyovyote itakavyo.

Hivyo usiulize kama Dar ni mahali pazuri kwa kangaga. Uliza ile shubiri ya hewa inayolizunguka juu ya meza ya runinga ikoje.

Watu wa Dar huniambia: mzee, sisi tunatoka jasho mwaka mzima, hewa yetu imejaa maji, kangaga litakaukaje? Barazani ni kweli. Sebuleni kwako si kweli. Nenda nyuma ya nyumba jioni kiyoyozi kikiwa kimewaka, uangalie ule mpira mwembamba unaodondosha maji. Ukiweka ndoo utashangaa asubuhi. Maji yale hayakutoka bombani. Yametoka hewani mwa sebule yako. Kiyoyozi hukamua hewa kama mtu anavyokamua tui, kisha hukurudishia machicha. Sisi tunaipenda hewa hiyo kwa sababu jasho linakauka upesi. Jani la kangaga nalo linakauka upesi, kwa sababu ile ile. Mizizi yake ni nyuzi nyuzi, haiwezi kuvuta maji kwa kasi ambayo hewa hiyo inayanyonya. Pangaboi halikamui maji, lakini hufanya jambo linalokaribia hilo: kila mmea ukijitengenezea kijihewa chenye unyevu kuzunguka majani yake, pangaboi linakipeperusha na kuleta kingine kikavu, usiku kucha.

Mchicha ukinyauka mchana, unaumwagilia jioni na asubuhi umesimama. Kangaga-nywele halisamehi hivyo. Jani likishakunjamana ndiyo basi, halifunguki tena. Ndiyo maana kwako yalikauka moja baada ya jingine huku udongo ukiwa umelowa chapachapa. Ulikuwa unatazama udongo, na ugonjwa ulikuwa hewani.

Na kule kupulizia majani? Hilo ndilo kosa la wapole wote, nami nimelifanya miaka. Fanya jaribio hili: lichovye jani moja zima kwenye beseni la maji, utaliona limegeuka rangi ya fedha, kisha litoe. Ni kavu! Matone yanateleza kama juu ya jani la myugwa. Wagiriki wa kale waliliona hilo, ndiyo asili ya jina Adiantum: kisicholowa. Basi unapopulizia, majani hayanywi chochote. Unaongeza unyevu wa hewa kwa dakika chache, kisha kiyoyozi kinauchukua na kuupeleka kwenye mpira wa nyuma ya nyumba.

Kosa la pili ni kisima. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi. Wewe mwenyewe unajua sabuni inavyokataa povu. Angalia ukingo wa chungu. Kama kuna utepe mweupe, hiyo ni chumvi iliyobaki baada ya maji kukauka, na unachokiona nje ni sehemu ndogo ya iliyomo ndani. Mmea hunywa maji na kuacha chumvi. Unamwagilia mara mbili kwa siku, basi mara mbili kwa siku unatia chumvi. Ikishakolea, mizizi ikavuta inashindwa, na mmea unakufa kiu ndani ya udongo wenye maji. Ncha za majani ndizo za kwanza kusema.

Sasa hapa ndipo jambo linaponifurahisha. Kiyoyozi kinachokuulia kangaga ndicho kitakachokupa maji ya kuliponya. Maji ya ule mpira ni kama ya mvua, hayana chumvi. Yakinge kwenye ndoo safi. Si ya kunywa wala ya mboga, kwa sababu yamepita kwenye vyuma na vumbi, na kama fundi amesafisha kiyoyozi kwa dawa karibuni, mwaga ndoo mbili tatu za mwanzo. Kwa mimea ya mapambo yanafaa. Hata hivyo sasa ni masika, mabati yanatiririka: acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa, kisha jaza madumu. Madumu mawili ya lita 20 yatakuvusha kwa kangaga dogo hadi kiangazi kianze kuuma.

Turudi kwa mgonjwa. Chukua mkasi mkali, ukate majani yote makavu, ukiacha vijiti kama urefu wa kifundo kimoja cha kidole juu ya udongo. Usionee huruma yale yaliyokauka nusu, nayo kata. Mabichi kabisa yaache. Kisha tumbukiza chungu kizima kwenye ndoo ya maji ya mvua, maji yafike karibu na mdomo wa chungu, usikie mapovu yanavyotoka. Yakiisha, kitoe, kiache kichuruzike vizuri. Rudia mara mbili kwa maji mapya, ili chumvi itoke. Baada ya hapo vika chungu mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ufungwe kwa ulegevu, na ukiweke mahali penye mwanga bila jua. Huo mfuko ndio shubiri ya hewa ya kule Oman, kwa bei ya bure.

Mfuko si mbinu ya kijiweni. Ina historia, na kangaga ndilo lililoianzisha. Mwaka 1829 daktari mmoja wa mashariki ya London, Nathaniel Bagshaw Ward, alifunika pupa ya nondo ndani ya chupa yenye udongo wenye unyevu ili amwone akitoka. Ward alikuwa mpenda makangaga, ila moshi wa makaa wa London ulikuwa umemwulia yote aliyopanda ukutani. Siku moja akaona ndani ya chupa, bila yeye kupanda, kimeota kijinyasi na kikangaga. Akagundua kwamba mchana unyevu unapanda kutoka kwenye udongo, unashika kioo, na kurudi chini. Hewa chafu ya nje haiingii na maji hayatoki. Chupa ile iliishi karibu miaka minne. Akatengeneza masanduku ya mbao na kioo, na mwaka 1833 akapakia mawili kwenye meli ya kwenda Sydney. Miezi kadhaa baharini, yamefunikwa, na mimea ikafika hai. Kabla ya hapo mimea mingi ilikuwa ikifia sitahani kwa chumvi na upepo, yaani maradhi yale yale ya sebuleni kwako. Kwa masanduku ya aina hiyo michai ilitolewa China ikapelekwa India, na mwaka 1876 miche ya mpira ilitoka London kwenda Ceylon.

Nami nikiwa Tanga siwezi kutaja safari za mimea bila kuukumbuka mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. Vilivyofika hai hapa ni 62. Mkonge huo, mmea usiojua kufa! Kisha wewe unajilaumu kwa kangaga.

Kwa hiyo ukitaka kulifuga sebuleni kwa kudumu, lipe chupa ya Ward. Tangi la samaki lililopasuka linafaa, mtungi wa kioo wa dukani wa kuwekea pipi unafaa, hata dumu angavu la maji ya kunywa lililokatwa kiunoni na kufunikwa tena. Tia changarawe chini, mkaa uliopondwa kidogo, kisha udongo. Ukishafunika, kioo kitakuongoza: asubuhi kiwe na ukungu mwepesi. Kikiwa kimejaa matone hata mmea hauonekani, fungua saa moja. Kikiwa kikavu kabisa, ongeza vijiko viwili vitatu vya maji. Sharti moja tu, na hili ulishike: chupa iliyofunikwa isiguswe na jua hata robo saa. Mimi nilipoteza mtungi mzima kwa miale ya saa moja asubuhi iliyopenya dirishani; niliporudi kutoka sokoni majani yalikuwa yamechemka kama kisamvu.

Chupa hutaki? Basi mahali pake ni nje, na jibu la swali lako ni ndiyo, nje litapona kuliko ndani. Si nje yoyote. Tafuta upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana, karibu na karo au chini ya tangi la maji, pale ambapo ukuta una ubichi na kuvu ya kijani. Kama ungeweza kusoma gazeti hapo saa sita mchana bila kukodoa macho, na mkono wako hauachi kivuli chenye ukingo mkali, mwanga unatosha. Epuka kona inayopigwa na upepo, hasa miezi ya kaskazi, Desemba hadi Februari, joto linapokaza. Bibi zetu waliweka mtungi wa maji kwenye kona ya aina hiyo hiyo, na mtungi wa udongo hutoa jasho: chungu kidogo cha kangaga kikiwekwa ndani ya chungu kikubwa cha udongo, katikati pakajazwa mchanga unaoloweshwa kila siku, huo ndio mtungi wenyewe, na kangaga linapozwa kama maji ya kunywa. Katika njia zote za wazi hii ndiyo ninayoiamini. Sahani ya kokoto na maji chini ya chungu, ambayo wengi huisifu, haina nguvu hiyo.

Udongo uwe mwepesi, unaoshika unyevu bila kugeuka tope. Mimi nachanganya mboji ya majani iliyooza vizuri, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, na mchanga wa mtoni, kwa makadirio ya mbili kwa mbili kwa moja, na konzi ya mkaa uliopondwa. Hapo kwenye makumbi nisimame kidogo. Makumbi ya pwani yetu mengi ni mazuri kwa kamba kwa sababu yamezikwa miezi kwenye tope la bahari mpaka yalainike. Kina mama wa Unguja wanaijua kazi hiyo. Ukiyachukua hayo na kuyatia kwenye chungu, umelitia kangaga baharini. Loweka kwenye ndoo ya maji baridi usiku kucha, mwaga, rudia mara tatu au nne. Onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi, kama bado yana chumvi rudia tena. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa.

Ukilihamishia chungu kingine, usilizamishe. Shina la kangaga hutambaa chini kidogo tu ya uso wa udongo, kahawia, lenye vijimanyoya, likifukiwa linaoza. Chungu kiwe kikubwa kidogo tu kuliko mzizi, vidole viwili vya nafasi pembeni. Chungu kikubwa kupita kiasi hubaki na maji yasiyonyweka.

Kumwagilia: acha ratiba ya asubuhi na jioni. Gusa udongo kwa kidole. Ukihisi ubichi lakini kidole hakitoki na tope, ondoka. Uso ukianza kupauka, mwagilia taratibu mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisosi. Kangaga-nywele halitaki kukaa ndani ya maji na halitaki kukaushwa hata siku moja. Kati ya makosa hayo mawili, la kukausha ndilo lisilo na dawa. Ukisafiri Idi au Krismasi, usimwachie jirani wa dawa ya mende. Livike mfuko, liweke bafuni penye dirisha, litakungoja wiki moja au mbili.

Mbolea, kidogo sana. Robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi, kwenye udongo uliokwisha kulowa, na usianze mpaka uone majani mapya. Samadi mbichi ya kuku itaiunguza mizizi. Kama siku moja kweli utapata vidung'ata, vile vyeupe kama pamba kwenye maungio ya vijiti, vitoe kwa pamba yenye maji, kimoja kimoja. Kijiti kilichozidiwa kikate. Konokono watafute usiku kwa tochi.

Nimekuahidi habari ya uzazi. Vile vidoa vikipasuka hutoa unga, na kila chembe ya unga ni spora. Ikiangukia kwenye ubichi huota, lakini hakioti kangaga. Hutokea kitu bapa cha kijani, chembamba, chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na watu wengi hukikwangua wakidhani ni kuvu. Hicho kimoyo ndicho chenye uke na uume wa mmea. Ukija umande au tone la mvua, mbegu ya kiume inaogelea, inaogelea kweli, mpaka kwenye yai, na hapo ndipo kangaga tunalolijua linapochipuka juu ya kimoyo. Kwa muda mrefu watu walistaajabu mmea huu unazaaje bila ua. Aliyeunganisha hatua zote kwenye kitabu, mwaka 1851, ni Wilhelm Hofmeister, muuza vitabu na karatasi za muziki wa Leipzig, aliyejisomea mimea mwenyewe, huku macho yake yakiona vya karibu tu.

Ukitaka kujaribu, weka jani lenye vidoa vilivyokomaa ndani ya bahasha siku tatu, unga utaanguka wenyewe. Mimina maji yanayochemka juu ya udongo wa makumbi ili kuua vijidudu, upoe, nyunyiza unga huo juu yake, usifukie, funika kwa kioo. Baada ya wiki kadhaa utaona utando wa kijani, baadaye vimoyo, na hapo nyunyiza maji ili mbegu ya kiume ipate pa kuogelea. Kangaga la kupandikizwa litachukua miezi sita au zaidi. Mwenye haraka agawe shina kwa kisu mwanzoni mwa mvua, kila kipande kiwe na majani matatu na mizizi yake.

Jambo moja kuhusu Lushoto. Mji ule uko takriban mita 1,400 juu ya bahari, na usiku wa Julai watu hulala na blanketi mbili. Kangaga lililolelewa pale ukalishusha Dar kwa siku moja, ndani ya basi, karibu na dirisha lililofunguliwa, lilikwisha kuumia kabla halijaiona runinga. Kwa hiyo si lote kosa lako. Safari nyingine nunua lililo kwenye kiriba, mizizi ikiwa imekishika kiriba vizuri, siyo lililong'olewa porini likafungwa kwa gunia na udongo mweusi wa msituni. Lifungie ndani ya ndoo yenye kifuniko chenye tundu. Vyungu vilivyochongwa kwa shina la kangaga-mti usivinunue. Miti ile ya jenasi ya Cyathea biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini. Na ukipata siku ya ziada, pandia Muheza uende Amani, kwenye ile bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Tembea taratibu kando ya vijito vya msitu, uweke mkono karibu na mwamba wenye makangaga bila kuyagusa. Utahisi ubaridi kabla hujafika.

Iwapo utachoka na deko lake, sitakulaumu. Kuna Nephrolepis, kangaga la majani marefu kama upanga, ambalo aina yake moja huota lenyewe pwani kwetu, na hilo barazani Tabata litakaa miaka bila kukuuliza kitu zaidi ya kivuli na maji. Halina uzuri wa giligilani.

Kwa huyu wa sasa, hesabu wiki nne tangu siku ya mkasi. Likiwa hai, utaona karibu na shina vichipukizi vilivyojiviringa kama mkia wa kinyonga, vyembamba kama uzi wa cherehani. Usiondoe mfuko siku hiyo. Utoboe tundu moja, kesho kutwa jingine, mpaka mmea uzoee hewa ya barazani katika muda wa wiki mbili. Wiki nne zikipita kimya, kwangua shina kidogo kwa ukucha: likiwa gumu na lina weupe au ukijani ndani, rudisha mfuko na ungoje wiki nne nyingine. Likiwa laini, jeusi, lina harufu, mwaga udongo huo kwenye tuta la maua, osha chungu kwa maji ya moto, na ungoje kwenda Lushoto mwezi wa saba, kukiwa na baridi na Dar imepoa, ndipo ununue jingine. Paka asipande juu ya mfuko.